Mtumbwi Begani

Utani ni utani, lakini upondo haufichwi. Imakulata alilisema hilo asubuhi, akalirudia kwa ukali, na wanaume wote wawili wakamcheka.

Walikuwa watatu kambini, ndani kabisa ya pori la mto Ugalla: Imakulata, mumewe Mathias, na Octavian, Mngoni aliyekuja Sikonge kulima tumbaku akaishia kurina asali pamoja nao. Kiangazi mto ule hautiririki. Unakatikakatika na kuacha mabwawa, na anayefuata mizinga yake husafiri kwa mtumbwi wa gome la mti. Akifika mwisho wa bwawa anaubeba kuvuka nchi kavu mpaka bwawa la pili, jioni anapiga kambi. Viboko nao, maji yakishapungua, husongamana humo humo na hasira zao.

Sasa, Mnyamwezi na Mngoni ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akikunyang'anya kitu hukasiriki. Unakikomboa kwa chochote atakachotaja, watu wanacheka, maisha yanaendelea. Asubuhi hiyo Octavian aliuchukua upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, akauficha majanini.

"Mtaukomboa kwa ndoo ya asali," akasema, amejikalia juu ya gogo kama chifu. "Nyie Wanyamwezi kazi yenu kubeba mizigo tu. Leo mtajua."

"Ndoo nzima? Wewe mla panya utalamba nta," Mathias akajibu.

"Baba Julieth, mpe hata kikombe arudishe mti wetu," Imakulata akasema. "Kule ng'ambo kuna kiboko ana mtoto. Huu si wakati wa mchezo."

Mathias hakutaka kusikia. Kukomboa kitu kwa mtani upesi ni kushindwa, na yeye alikuwa tayari kushindwa na yeyote duniani isipokuwa Octavian. Akaokota ufito mwembamba, akapanda mtumbwini, akaelekea ng'ambo kufuata ndoo zilizobaki huku akiimba kwa sauti, makusudi, ili mwenzake aumie roho. Wanaume, jamani! Mtu mzima ana mke, ana watoto, anaingia kwenye maji ya viboko na kijiti kwa sababu ya kubishana.

Kiboko alitokea chini. Mtumbwi ukarushwa upande, Mathias akachomeka ufito apate kujishikiza, ufito ukavunjika, naye akaangukia majini. Yule mnyama akafumbua domo, akamkamata paja, akamtikisa. Mlio wa Mathias ulikuwa wa kitu kinachochinjwa.

Imakulata aliingia majini na panga, maji yakamfika kifuani. Alikata pua ya kiboko, akakata tena karibu na jicho, anapiga kelele asizozijua. Octavian alikuja nyuma yake na kinga cha moto, akakisokomeza kwenye lile domo. Kiboko akaachia, akazama, akamfuata mtoto wake. Maji yote pale yalikuwa mekundu.

Walimvuta Mathias ukingoni. Paja lilikuwa limefunguka, mfupa unaonekana. Imakulata akachana kanga, akafunga juu ya jeraha, akakaza mpaka vidole vyake vikafa ganzi. Alipoinua uso alimwona Octavian anarudi mbio kutoka majanini na upondo mkononi, analia. "Mtani, nisamehe, mtani wangu, huu hapa."

Imakulata alimpokonya ule mti akamtandika nao usoni. Pua ikavunjika. Akampiga mbavuni, akampiga shingoni, na Octavian hakuinua mkono.

"Nisikilize vizuri," Imakulata akasema. "Mume wangu akifa, na wewe hutoki kwenye hili pori. Nitakucharanga."

"Najua, shemeji."

Alijua kweli. Mwaka uliopita alimwona mama huyu akimshughulikia mwizi wa mizinga mpaka jamaa akakimbia bila vidole viwili. Naye Imakulata angemmaliza palepale, isipokuwa mtumbwi una ncha mbili na yeye ana mabega yake tu. Gari la wanunuzi wa asali lilikuwa darajani, na mpaka darajani palikuwa na mabwawa mawili mbele na nchi kavu kila baada ya bwawa. Simu huku hazishiki. Alimhitaji yule mtu aliyemchukia kuliko shetani.

Wakauvuta mtumbwi ukingoni, wakamlaza Mathias ndani, panga miguuni pake. Wakafunga kamba kila ncha, wakazipitisha mabegani, Imakulata mbele, Octavian nyuma, wakainua. Kamba zilikata ngozi. Miiba iliwachana miguu, mbung'o wakawang'ata shingoni na hakuna aliyekuwa na mkono wa kuwafukuza. Nyuma Mathias alikuwa akigumia, na kila alipogumia moyo wa Imakulata ulitulia kidogo. Anayegumia yu hai.

Bwawa lililofuata walilivuka Octavian akisukuma, damu ya pua ikimchuruzika kifuani. Mathias alifumbua macho. "Mama Julieth," akasema, "mtani asiguswe." Imakulata alimnywesha maji kwa kiganja.

Ng'ambo ya bwawa lile ndipo ilipopita njia ya zamani ya misafara, ile ambayo mababu wa Wanyamwezi walipita na pembe za ndovu mabegani toka Ujiji hadi pwani. Sasa ni mchanga na vichaka. Walitembea kidogo tu Octavian akapiga magoti, mtumbwi ukaanguka kwa kishindo, na Mathias akalia.

"Nipumzike, shemeji. Mbavu hizi umezivunja."

"Upumzike? Nyanyuka!" Akaitoa kamba begani akamcharaza nayo mgongoni. "Nyanyuka, muuaji!"

Lile neno lilimpata pabaya. Octavian akainuka, akamshika koo, akambwaga chini. Walibiringishana mchangani kama wendawazimu. Imakulata alimng'ata mkono mpaka meno yakakutana na nyama. Octavian akamkandamiza kichwa ardhini, akamkaba, na dunia ikaanza kumwia nyeusi Imakulata. Akapapasa jiwe, akalipata, akamgonga nalo sikioni. Mikono ya Octavian ikalegea. Wakabaki wamelala, kila mmoja anatafuta pumzi.

"Tutauana hapa," Octavian akasema hatimaye. "Nani atambeba?"

Alijikokota kwenda kushika ncha yake. Akainama juu ya Mathias, akakaa hapo kidogo. Kisha akavuta kipande cha kanga akamfunika mgonjwa usoni.

"Unafanya nini?"

"Jua linamchoma. Amelala. Twende, shemeji, twende upesi."

Wakaenda. Na sasa Octavian hakuomba tena kupumzika. Imakulata, akiwa mbele, aliuliza bila kugeuka: "Anapumua?" Sauti nyuma ikajibu, "Anapumua." Kwenye bwawa la mwisho alitaka kumpa maji, Octavian akasema mwache, usingizi ndio dawa yake. Akamwacha. Alikuwa akimsimulia mumewe habari za nyumbani, kwamba Julieth atafaulu, kwamba paa watalimalizia mwaka huu. Alisema mpaka koo likakauka, maana aliona akinyamaza atampoteza.

Darajani Fikiri, dereva wa wanunuzi, aliwaona akaja mbio. "Washa gari!" Imakulata akapiga kelele. "Kiboko! Washa gari, twende hospitali!"

Fikiri aliifunua ile kanga. Akaweka kiganja shingoni kwa Mathias, akavua kofia. "Mama," akasema, "huyu ameshapoa. Ameshakakamaa huyu."

Imakulata akageuka. Panga lilikuwa tayari mkononi.

Octavian hakukimbia. Alikuwa amekaa chini, kamba bado begani, nyama ya bega inaonekana. "Alifariki tulipokuwa tunapigana," akasema. "Nilipoinama, macho yalikuwa yameshasimama. Ningekwambia, ungenikata, na peke yako usingembeba. Fisi wangemla mtani wangu. Nimemfikisha. Kata."

Tulipokuwa tunapigana. Neno lilimwingia Imakulata polepole, likamkuta hana pa kujificha. Alikuwa palepale, hatua chache, mdomo umejaa damu ya mtu mwingine, wakati Mathias akifa peke yake mchangani. Akapiga yowe, akashusha panga. Lilimkata Octavian mkono wa juu, likagonga mfupa. Octavian aligumia lakini hakusogea. Fikiri alipiga kelele, akarudi nyuma.

Imakulata akainua panga mara ya pili. Likakaa hewani. Akalia kwa sauti kama mtoto mdogo, "Baba Julieth, baba Julieth, nimekuachaje?" Kisha akalitupa panga mtoni, akajitanda kile kipande cha kanga, akachana kingine akamfunga Octavian jeraha, akikaza kwa hasira mpaka akamliza.

"Kaburi la Mnyamwezi huchimbwa na mtani wake," akasema. "Utalichimba kwa huo mkono mmoja. Shika ncha yako."

Octavian akashika. Wakamwinua Mathias, wakampandisha kwenye gari.