Mikono ya Kushoto

Hata leo, akisikia mkasi mkubwa ukitafuna kitambaa, Dada Vifungo hukikumbuka kile chumba cha ushonaji: madirisha marefu, vumbi la chaki, cherehani kumi na mbili zikibishana, na Mzee Futi, mkataji mkuu, akimtania kila mtu. Jamani, kulikuwa na raha mle! Ukikosea mshono mzee atakuuliza, "Mwanangu, hii suruali au mtego wa panya?" Mnacheka, unafumua, unaanza upya.

Lakini akikosea yeye, nani amwambie? Thubutu! Mkubwa hakosolewi. Hilo walilinyonya kwa mama zao, wakaja nalo kazini.

Siku hiyo kulikuwa na mashati ya shule mia mbili. Ili upate mkono wa kulia na wa kushoto, kitambaa hutandazwa tabaka mbili mbili, uso kwa uso. Mzee akalaza tabaka zote uso juu. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, kila mtu alijua, na kila mtu alijifanya hajui.

Dada Vifungo, ambaye meza yake iligusana na ya mzee, aliona. Akawatazama wenzake, ghafla wote wakawa na uzi wa kutunga. Naye ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote. Amuumbue mtu mzima mbele za watu? Akainamia vifungo vyake, na mzee akakata kutwa nzima huku akipiga mluzi.

Mikono mia nne, yote ya kushoto! Mwenye kiwanda hakufoka. Alimwambia tu mzee akapumzike nyumbani, asirudi tena.

Mzee akakusanya vitu vyake, kisha akasimama mbele ya Dada Vifungo.

"Mwanangu, wewe ulikuwa hapa hapa. Uliona?"

"Niliona, baba."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuaibisha, baba."

Alingoja atukanwe, na moyoni aliomba atukanwe. Mzee akamwekea mkono begani.

"Ahsante, mwanangu. Umelelewa vizuri."

Wala hakuwa anambeza. Alishukuru kwa dhati ya moyo, akawaaga wote mmoja mmoja kwa utani wake ule ule, akatoka. Dada wa watu akalia mpaka vifungo akawa havioni. Miaka thelathini imepita, na bado anatamani angezabwa kofi.