Kisogo cha Duara

Wateja walimwita Mzee Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno alilolisema kila alipomwinamisha mtu kichwa: taratibu, taratibu, kana kwamba nywele nazo zina masikio. Banda lake la kunyolea lilikuwa chumba kimoja chenye kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kilichopata ukungu pembeni, benchi la kungojea na redio iliyoshika stesheni moja tu. Alinyoa hapo mpaka watoto walioletwa wakilia wakawa watu wazima wanaoleta watoto wao walie. Maneno yake yalikuwa machache, ila alijua kusikiliza, na mkasi ukiwa unalia karibu na sikio, mdomo wa mtu hufunguka wenyewe. Siri za mtaa mzima ziliangukia sakafuni pale pamoja na nywele, na zote alizifagia akazitupa.

Lakini hujafa hujaumbika. Mwaka mmoja ulimletea mapigo mawili. Kwanza alimzika mkewe. Kisha, kabla hajazoea kulala kitanda kizima peke yake, kiharusi kikamwangusha bafuni. Alipona, kwa maana kwamba alitembea, alisema na alikula. Mkono wa kulia ndio uliorudi na tabia ngeni. Ukilala pajani ulikuwa mkono kama mkono. Ukishika mkasi, ulianza kutetemeka kama wa mtu aliyeitwa na polisi.

Binti yake, aliyeolewa mji wa mbali, alitaka baba akaishi kwake. Kila Jumapili simu ililia, na kila Jumapili wimbo ulikuwa ule ule.

"Baba, chumba kipo. Funga hilo banda uje upumzike."

"Nitafunga siku wateja watakapoacha kuja."

"Na wanakuja kweli?"

"Wanakuja, mama. Uliza mtu yeyote."

Wala hakudanganya. Walikuja. Dereva wa lori alikuja kila aliporudi safari, hata kabla ya kuoga. Mwalimu mstaafu alikuja na gazeti lake chini ya kwapa. Fundi bomba alikuja na utani wake: "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mimi maji ninayo, mzee, nina bomba zima!" Wakimaliza walijitazama kiooni, wakageuza shingo huku na huku, wakasema, "Mkono wako uko pale pale." Mzee akakung'uta kitambaa kwa madaha. Kilikuwa kilemba cha ukoka kile, lakini aliyekivishwa hakukijua, na kilimkaa vizuri.

Tusimfanye mjinga, hata hivyo. Alijua mkono una kasoro, na alijikaza kisabuni. Kila jioni alilipuliza puto, akalifunga, akalipaka povu, kisha akalinyoa kwa wembe. Ndivyo alivyofundishwa ujanani: ukilimaliza puto zima bila kulipasua, ndipo unapewa kichwa cha mtu. Mwenye duka alipomwona amefuata puto tena, alitabasamu.

"Wajukuu wamekuja, mzee?"

"Wamekuja," alisema, kwa kuwa ukweli ulikuwa mrefu kuueleza.

"Hongera! Nyumba imechangamka sasa."

Ilichangamka kweli. Kila jioni puto lilipasuka, paa! Povu ukutani, povu kwenye ndevu, na jirani wa pili akigonga ukuta kuwanyamazisha hao wajukuu. Mkewe angekuwepo angecheka mpaka akae chini. Jioni moja puto likakubali. Alilinyoa pande zote, likabaki linang'aa kama kichwa cha mtoto mchanga. Aligeuka kumwonyesha mtu, akakutana na kiti cha mkewe kitupu. Akaliweka puto juu ya kile kiti. Asubuhi alilikuta limesinyaa, na akaona uchungu ambao hakuutegemea, uchungu wa kweli, kwa kitu cha watoto kuchezea.

Jambo jingine hakulisema kwa mtu. Kinyozi hajinyoi, na kichwa chake siku zote kilikuwa mikononi mwa mkewe. Kila Jumamosi mchana aliketi kwenye kigoda uani, mke akasimama nyuma yake na mkasi, akimnyoa na kumsema papo hapo. Tangu amzike, mzee alijaribu mwenyewe mbele ya kioo, kwa mkono huo huo. Tangu hapo hakuonekana bila kofia.

Basi ikaja siku ya mkutano wa wapangaji kuhusu maji. Mzee Taratibu alifika amechelewa, akapata kiti cha nyuma kabisa, nafasi ambayo mtu haoni nyuso bali migongo. Mwenyekiti alikuwa akieleza habari za tangi. Mzee hakumsikiliza kwa muda mrefu, maana macho ya kinyozi hayana mapumziko: yakiona visogo yanaanza kazi.

Mkono wake tangu ujana ulikuwa na mwandiko wake. Kisogo alikimalizia kwa duara, kama ukingo wa sahani. Wengine hukata mraba, yeye hakuwahi. Dereva wa lori, aliyekaa safu ya mbele, alikuwa amenyolewa asubuhi hiyo hiyo pale bandani. Kisogo chake kilikuwa mraba. Kilikuwa kimenyooka hasa, kazi safi, kazi ya mkono usiotetemeka.

Mzee akafuta miwani, akatazama tena. Akamtafuta mwalimu mstaafu, aliyemnyoa jana. Mraba. Akamtafuta fundi bomba. Mraba, tena na ile sehemu ya juu ya sikio, ambayo mzee alikumbuka ilimponyoka kidogo, imesawazishwa vizuri. Wote hao hurudi bandani nywele zikiwa zimeshaota na kuficha kila kitu, ndiyo maana hakuwahi kujua. Walikuwa wanatoka mlangoni kwake wakimsifu, wanazunguka kona, wanakwenda kutengenezwa kwenye saluni mpya.

Aliona aibu mbele ya migongo ya watu, na hakuna aibu mbaya kama hiyo, kwa kuwa hakuna hata jicho la kuliepuka. Watu walipoinua mikono kupigia kura tangi, yeye alikuwa ameshatoka.

Saluni ya kona ilifunguliwa na dada mmoja wa makamo aliyehamia mtaani mwaka huo huo wa mapigo. Watu walimwita Dada wa Kona tu. Alikuwa anafagia mzee alipoingia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakuketi. "Wewe ndiye unayesahihisha kazi yangu?"

Dada hakujifanya hajui. Aliegemeza fagio ukutani. "Ndiye mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu urudi kazini kutoka hospitali."

"Na wanakuambia nini?"

"Wananiambia, nyoosha tu, usipunguze sana, mzee asijue."

"Mmenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa!" Sauti ilimpanda mzee kuliko alivyotaka. "Mtaa mzima! Mimi nakesha na mkono huu nikidhani unapona, kumbe mnanilea kama mtoto!"

Dada alimwacha amalize. Kisha akasema, "Yule dereva alikuja siku moja sikio linatoka damu. Nikamwambia, kaka, si uje kwangu moja kwa moja, kwani umerogwa? Akanijibu, kwako nanyolewa, kwa mzee naongea. Sasa, mzee, hasira ni haki yako, sikukatazi. Lakini hiyo kofia imekaa kama imefunika kosa. Hebu ivue."

Labda ni uchovu. Labda ni ile sauti, sauti ya mwanamke anayekusema huku ameshika kitu mkononi, ambayo hakuwa ameisikia muda mrefu. Aliivua. Chini yake kulikuwa na shamba lililolimwa na ng'ombe kipofu: hapa kipara, pale kichaka, nyuma mistari ya kwenda na kurudi.

Dada hakucheka. "Nani amekufanyia hivi?"

"Mimi mwenyewe."

"Na zamani alikuwa anakunyoa nani?"

"Marehemu."

Dada akavuta kiti. "Kaa."

Mzee akakaa. Kitambaa kikazungushwa shingoni. Kisha vidole vikamshika kichwa, viwili nyuma ya sikio, kimoja utosini, vikakiinamisha mbele. Ndipo alipogundua jambo ambalo aliyelizoea halioni: tangu atoke hospitali hakuna aliyemgusa. Watu walimpa mkono, ndiyo, na pole nyingi. Yeye kutwa alishika vichwa vya watu, akahisi joto lao na mapigo ya mishipa yao, na kichwa chake kikakaa gizani ndani ya kofia kama chungu kisichopikiwa. Machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa. Dada akakizungusha kiti kidogo, mzee asijione kiooni, akaendelea kunyoa.

Alipofika nyuma, akauliza, "Kisogo nikate mraba?"

"Duara," mzee alisema, akapangusa pua. "Duara si kazi ya macho. Weka kidole gumba hapo chini ya mfupa. Umeupata? Sasa ufuate mfupa, usijifuate wewe. Taratibu."

"Taratibu," dada akaitikia.

Jumatatu asubuhi dereva wa lori, aliyetoka safari nyingine, aliingia bandani, akajitupa kitini. Mzee akamfunika kitambaa, akachukua mkasi, akasimama nao. Uliruka mkononi kama kawaida yake. Akaurudisha mezani.

"Nenda kwa Dada wa Kona," alisema. "Nenda moja kwa moja, usinipitie mimi kwanza. Mwambie nimekutuma."

Dereva akatazama magoti yake chini ya kitambaa. "Mzee, sisi hatukuwa na nia ya..."

"Nia yenu naijua. Nenda."

Neno hilo lilienea mtaani kabla ya mchana, na matokeo yake yalikuwa ukimya. Hakuja mtu. Mwalimu alipita upande wa pili wa barabara, gazeti limemkinga uso. Fundi bomba alisalimia kwa mbali na kuharakisha, kama aliyeacha bomba wazi. Hawakumchukia mzee. Walikuwa wanaona haya, na mwenye haya hukimbia kuliko mwenye deni. Mzee alifungua asubuhi, akafuta kioo, akafagia sakafu isiyo na unywele hata mmoja. Akakaa kwenye benchi la wateja, kwa kuwa kukaa kwenye kiti kulimfanya aonane na yule mzee wa kiooni. Redio ilisema na yeye peke yake wiki nzima.

Sharti alilipanga mwenyewe, hakuwa na wa kumlaumu. Siku wateja watakapoacha kuja. Jumamosi mchana aliupaka mkasi mafuta, akauviringisha kwenye kitambaa pamoja na vitana, akaviingiza kwenye mfuko wa safari. Alikuwa akitafuta kufuli wakati mlango ulipozibwa na mtu mpana.

Alikuwa dereva wa lori. Alikuwa ametoka kunyolewa sasa hivi, hata vinywele vilikuwa bado vimemganda kolani. Akapita, akakaa kitini kama mwenye nyumba.

"Nitazame kisogo, mzee. Yule dada anasema kafanya duara lako. Mimi nitajuaje? Sina macho huko nyuma."

Mzee alisimama na kufuli mkononi. Kisha akaliweka chini, akavaa miwani, akasogea. Lilikuwa duara. Upande wa kushoto limelala kidogo, ila mfupa ulifuatwa.

"Bado mwanafunzi," alisema. "Lakini atafika."

Akachukua brashi ya kukung'utia. Mkono ukatetemeka, kama ulivyozoea, na brashi ikatetemeka nao, ikapita shingoni ikifukuza vinywele kimoja kimoja. Brashi haikati mtu. Akamwinamisha kichwa, akampaka poda. "Taratibu," akasema.

"Mzee," dereva alisema akiwa ameinama vile vile, "mwanangu mkubwa hapokei simu zangu. Mwezi wa pili huu."

Mzee aliendelea kupitisha brashi mahali palipokwisha kuwa safi, na dereva akaendelea kusema.

Jumapili simu ililia.

"Wateja wanakuja, baba?"

Mzee alitazama mfuko wa safari pale mlangoni. "Amekuja mmoja."

"Mmoja tu? Wiki nzima? Baba, wewe mwenyewe ulisema..."

"Tena alikuja ameshanyolewa."

Binti akauliza kwa upole, kama mtu anayemwuliza mgonjwa, "Sasa kama ameshanyolewa, baba, alifuata nini?"

Mzee alijipapasa kisogo, akalisikia duara lake mwenyewe chini ya vidole, nywele fupi zinazochomachoma.

"Alinifuata mimi," alisema.