Wigi Lililogoma Kutoka

Chiriku alikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya nyumba, magoti yamebanwa, dada yake akimsuka. Dada alikuwa msusi. Filamu zote zilizopita wigi lilibandikwa tu kama kofia, lakini leo alilisukia kwenye nywele za kaka yake mwenyewe, akivuta mpaka nyusi zikapanda.

"Unaniua," Chiriku alisema.

"Leo hawaling'oi. Tulia."

Katika filamu hizo za kuchekesha Chiriku alicheza mwanamume aliyevaa gauni, na mwisho ulikuwa uleule: wigi linadondoka, mtaa mzima unamtandika kwa mifagio, watazamaji wanavunjika mbavu. Ile ya mwisho waliitazama nyumbani pamoja na majirani. Katikati ya vicheko mama yao aliinuka, akaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Hilo lilimuuma Chiriku kuliko mifagio. Safari hii alitaka mhusika wake afike mwisho wa filamu akiwa amesimama. Na kwa kuwa gauni la leo lilikuwa la mama, mama naye alikuja kulilinda.

Kwenye nyumba ya kupigia filamu, mlinzi wa geti aliwafungulia wote watatu. "Karibuni, mama zangu," akasema, akampokea Chiriku mkoba. Mwenye nyumba, bibi mmoja mnene, alimsogezea kiti akaanza kumsimulia magoti yake yanavyomtesa. Chiriku alimpa pole kwa sauti ya chini, bila kubana pua kama katika filamu zilizopita.

Mwongozaji hakupendezwa. "Umekuwa mwanamke mno. Maputo ya kifuani yako wapi? Watu watacheka nini?"

"Watacheka maneno, bosi. Nina maneno matamu."

"Watacheka wigi likitoka. Lisipotoka, huna kazi hapa."

Kamera ikawashwa. Mwigizaji mwenye mfagio akalikamata wigi, akavuta. Chiriku akaenda nalo. Jamaa akavuta kwa mikono miwili, akateleza, akaketi chini pu, na Chiriku akamkalia mapajani. Mlinzi alicheka mpaka kofia ikamtoka. Hata mpiga picha alitikisika mabega.

"Fumua hicho kitu," mwongozaji akamwambia msusi.

"Njoo kesho. Kazi ya asubuhi nzima haifumuki kwa kufokewa."

Mwongozaji hakubishana. Alimvalisha mshika taa gauni jingine, akambandika wigi jipya, mambo yakaisha. Chiriku akasogea nyuma ya kamera na nywele zake nzuri, kazi hana, roho inamuuma.

Wigi likadondoka. Mifagio ikashuka. Watu wakacheka.

"Kwani huyo kafanya kosa gani?" mama akauliza.

"Kata! Mama, sauti yako imeingia."

"Nisamehe, mwanangu."

Wakarudia. Wigi, mifagio, kicheko, ingawa kicheko cha sasa kilikuwa kidogo.

"Lakini kafanya kosa gani?"

Mwongozaji akavua miwani, akajifuta uso. "Mlinzi, mtoe huyu mama nje. Kwa heshima zote, lakini mtoe."

Mlinzi akaja, akasimama kando ya mama. Akamtazama mshika taa aliyekuwa akijipapasa mgongo, gauni limemkaa upande.

"Namtoa, bosi," akasema. "Ila na mimi sijaelewa. Kafanya kosa gani?"

Mwenye mfagio akauteremsha, akamgeukia mwongozaji, akisubiri kuambiwa.