Kinyumenyume Hadi Kamachumu

Elieza alikuwa amechoka, na gari lake lilikuwa limechoka kumpita. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, na Fodi lile jeusi alilolinunua miaka ya neema, watu wa Kamachumu walipokuwa wakigombania baiskeli na mabati, sasa lilikohoa kila asubuhi hata kuku wakalizoea.

Lilikuwa la aina ile ya zamani ambayo Wamarekani waliitengeneza kwa mamilioni, sura ileile, na kwa miaka mingi rangi ileile, mpaka mkulima wa kwao na mkulima wa Kamachumu wakawa wanapanda kitu kimoja. Kisha wakaacha. Habari hiyo aliileta Muhidini, dereva wa Bukoba mjini, mtu wa mzaha ambaye ndiye aliyemfundisha Elieza kuendesha. Siku hiyo hakufanya mzaha. Alieleza kwa sauti ya kupeleka msiba kwamba kiwanda kilifungwa kwa miezi, mashine zikabadilishwa, na sasa kinatoa gari jipya lenye gia za mkono. Elieza akauliza, na sisi wenye haya ya zamani? Muhidini akamjibu kwamba ninyi mmekuwa wajane.

Ujane wenyewe ulikuwa na kazi. Gari lile lilikuwa na pedeli tatu ambazo hazikufanana na za gari jingine lolote, na moto uliongezwa kwa mkono, karibu na usukani. Tena mlima mkali halikuupanda kwa mbele. Tangi la petroli lilikuwa chini ya kiti cha dereva, na petroli iliteremka hadi kwenye injini kwa uzito wake tu, kama maji ya mfereji. Pua ya gari ikiinuka sana, injini inakuwa juu kuliko tangi, petroli inagoma, gari linazima. Dawa yake aliijua kila mwenye Fodi, hapa na huko Marekani: unaligeuza, unapanda kinyumenyume. Watoto wa Kamachumu walikuwa wakiona Fodi likitokeza ukingoni mwa mlima kwa matako, wakadhani Wazungu ndivyo walivyokusudia.

Jumapili moja uchungu ukamshika Alistidia, mke wa Elieza, kabla ya alfajiri. Ilikuwa mimba ya tatu. Wale wawili wa kwanza walikuwa wamelala kibanjani nyuma ya nyumba, kila mmoja chini ya mgomba wake, na Alistidia alikuwa amesema tangu tumbo lilipoanza kuonekana kwamba huyu hatamzaa bila mama yake. Hakusema kwa kudeka. Mama yake, Bibi Kokushubila, alikuwa mkunga wa Izimbya, na mikono yake ilikuwa imewageuza tumboni watoto ambao wengine walishawakatia tamaa. Hospitali ilikuwa mbali, na kumteremsha mwenye uchungu kwenye mawe ya barabara ile kulikuwa ni kumuua kwa hiari.

Mpango ulikuwa Muhidini ndiye amlete bibi. Muhidini sasa aliendesha lori jipya la tajiri mmoja wa mjini, na wiki ile alikuwa amesafiri na kahawa. Wa kwenda akabaki Elieza peke yake, na hapo ndipo penye shida, kwa sababu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani.

Mhaya hahitaji kuelezwa hilo. Mkwe akimwona mama mkwe njiani huingia migombani mpaka apite; mama mkwe naye hujitanda shuka gubigubi. Hawashikani mkono, hawali pamoja, hawaitani jina. Mchungaji alihubiri kwamba hayo ni mambo ya giza, lakini mchungaji mwenyewe, mama mkwe wake alipotokea, alikuwa na tabia ya kukumbuka kitu alichokisahau nyumbani. Wazee walisema anayemtazama mkwewe usoni hushikwa na tetemeko la mikono lisilo na dawa. Elieza hakujua kama aliamini. Alijua tu kwamba hakuwahi kujaribu.

Njia nzima ya kwenda Izimbya alipanga. Bibi atakaa kiti cha nyuma. Yeye atatazama mbele, na hatageuza shingo hata nyuki amwume. Kwa kweli, alijiambia, gari hili linafaa sana kwa wakwe: kila mtu amempa mwenzake kisogo au amepewa. Aliridhika na mpango wake mpaka akajionea fahari kidogo, asubuhi ile yenye manyunyu, petroli ikipungua chini ya kiti chake na maduka ya mjini yakiwa yamefungwa kwa ajili ya Bwana.

Izimbya alisimama kando ya barabara, akashuka, akaliinamia boneti. Alisikia jirani akimwongoza bibi, akasikia kiti cha nyuma kikilia, na harufu ya dawa za majani ikaingia garini. Akarudi kwenye usukani akitazama miguu yake mwenyewe. Walikuwa wamekwenda kitambo, ndipo sauti ikatoka nyuma yake, nzito, ya mtu aliyejifunika.

"Wewe motokaa, binti yangu ameanza lini?"

Elieza akauambia usukani kwamba tangu kabla ya alfajiri, akaongeza "waitu" ya heshima. Motokaa ikaulizwa kama chupa imeshapasuka. Motokaa ikajibu kwamba imeshapasuka. Ikaulizwa kama mtoto alikuwa akicheza. Hapo motokaa ikasema kwamba jana alicheza, leo haijui. Bibi hakuuliza tena. Wakapita hivyo, gari likiwa karani wao, mpaka Muhutwe, mlima wa Kamachumu ukawasimamia mbele na barabara yake nyekundu iliyokatwa ubavuni.

Elieza akapunguza moto. Akasimama. Kisha akaweka paji la uso kwenye usukani.

Mlima! Alikuwa amefikiri viti, shuka, nani atasema na nani, kila kitu isipokuwa mlima. Alikuwa ameupanda kinyumenyume mara nyingi mno hata ikawa haingii tena akilini, na kila mara kiti cha nyuma kilikuwa na magunia ya kahawa. Magunia hayana nyuso. Dereva anayerudi nyuma hana budi kugeuka na kutazama nyuma, na nyuma alikaa mama mkwe wake, uso kwa uso naye, mwendo wote wa mlima.

Alijaribu kwanza kupanda kwa mbele. Petroli ilikuwa kidogo, gari likakohoa kwenye mwinuko wa kwanza, likazima. Akashuka, akaiambia hewa kwamba gari hili mlimani hupanda kwa nyuma. Bibi, kutoka ndani ya shuka, akasema kwamba basi yeye atatembea. Lakini goti lake moja lilikuwa bovu, alikuwa amepandishwa garini kwa kuinuliwa, na jua lilikuwa limeshapita kichwani. Kwa miguu yake angefika usiku, akamkute nani?

Elieza akaligeuza gari. Akaamua kuchungulia ubavuni tu, kichwa nje, akifuata ukingo wa upande wake. Bibi akajifunika zaidi, na upepo wa mlimani ukaivimbisha ile shuka, hata ukingo wa upande wa pili Elieza asiuone kabisa. Huo ndio ulikuwa upande wa bonde. Walipanda hivyo mpaka kona ya kwanza, hapo gurudumu la nyuma likakanyaga hewa. Mawe yakaporomoka. Bibi, ambaye kwa ajili ya kushika shuka hakuwa ameshika kitu kingine, akarushwa ubavuni, na dawa zake zikamwagika. Elieza alikanyaga breki kwa nguvu zote, gari likazima, wakasikia mawe yakiendelea kuteremka peke yao huko chini.

Alichoka. Alichoka na gari, na kahawa, na desturi, na kuwa baba wa watoto asiowajua sauti, na alitaka kuketi kando ya barabara ile mpaka mtu mwingine aje achukue zamu. Hakuna aliyekuja.

Nyuma yake akasikia shuka ikifunuliwa na kukunjwa taratibu, pindo kwa pindo, kama nguo inayokwenda kabatini.

"Mwanangu," Bibi Kokushubila alisema. Hakuliambia gari. "Geuka unitazame. Wajukuu wawili nimeletewa habari zao wakiwa wamekwisha kuzikwa. Huyu nataka kumkuta."

"Mama, waitu..."

"Aibu ni yangu, nimeichukua. Geuka."

Lisilo budi hutendwa. Elieza akashuka akapiga hendeli, injini ikawaka, akarudi, akakaa, akageuka.

Alitegemea kuona kitu cha kutisha, na alichokiona kilikuwa bibi aliyechoka. Macho yalikuwa mekundu kwa upepo. Kidevu kilikuwa cha Alistidia, kilekile, kimekonda. Alikuwa ameshika viti kwa mikono yote miwili na kumkazia macho bila kupepesa, kwa kuwa yeye hakuona barabara. Yeye aliona bonde tu likizidi kuwa refu chini yake, na uso wa mkwewe. Kila kilichokuwa kikija kilikuwa nyuma ya kisogo chake. Elieza akawa anatazama juu ya bega lake moja, kisha juu ya bega jingine, na kila akitoka bega hili kwenda lile alipita usoni mwake. Hakuwa amewahi kutazamwa hivyo tangu mama yake mzazi alipofariki, naye alikuwa mdogo kiasi cha kutokumbuka kama aliwahi.

Walipokaribia ukingo wa juu, bibi akajitanda shuka yake. Watoto wakalipokea Fodi kama kawaida, matako mbele, na hakuna aliyeuliza kitu.

Bibi alimkuta binti yake akiwa hai, ila kwa shida. Wanawake waliokuwa ndani walikuwa wameanza kunong'ona. Bibi Kokushubila aliwatoa wote isipokuwa mmoja, akanawa mikono, na Elieza akakaa nje kwenye nyasi akisikiliza mke wake akilia mpaka sauti ikakauka. Giza lilipoingia mtoto akazaliwa, wa kiume. Alipumua. Elieza aliambiwa baadaye kwamba alipumua, na kwamba alikunja kidole kwenye kidole cha bibi yake, na kwamba pumzi haikuendelea. Alistidia alipona. Wanawake wote walikubaliana kwamba bila mikono ile wangezika wawili.

Walizika mmoja. Elieza alichimba mwenyewe, chini ya mgomba wa tatu. Wanaume wakaja wakakaa naye, wakatafuna kahawa, wakamwambia ajikaze, kwamba bado kijana, kwamba mke yupo. Alijikaza. Aliingia ndani akamwambia Alistidia maneno yaleyale ya kujikaza, kwa kuwa hakuwa na mengine, na Alistidia akageukia ukutani. Bibi alikaa na binti yake mpaka damu ilipokoma na akaweza kusimama, na siku zote hizo Elieza alipokatiza uani, shuka ilishuka usoni na yeye akaingia migombani. Hivyo ndivyo ilivyopasa, na hakuna aliyekosea.

Siku ya kumrudisha, Muhidini alikuwa amefika kutoa pole, na alikuwa ameleta debe la petroli. Akajitolea kumpeleka bibi yeye mwenyewe. Gari la wajane, alisema, bado analikumbuka. Elieza akamshukuru, akakataa. Akainua kiti cha dereva, akamimina debe lote tangini, mpaka petroli ikaonekana mdomoni, bibi akiwa amekwisha kuketi nyuma na kunyamaza ndani ya shuka yake.

Waliteremka mlima kwa mbele. Motokaa haikuulizwa chochote, nayo haikusema. Walipita Muhutwe, wakapita njia ya mjini, wakashika njia ya Izimbya, na Elieza alitazama mbele kama mtu mwenye adabu zake.

Kabla ya Izimbya kuna kilima. Si mlima, ni kilima cha kupandwa na baiskeli yenye mzigo. Siku ile ya kwanza walikipita kwa mbele bila hata kukitambua, ingawa petroli ilikuwa kidogo. Elieza alipofika chini yake akasimama. Kisha akaligeuza gari taratibu, mbele ikaenda nyuma, nyuma ikaelekea kilimani, akakanyaga pedeli ya katikati, ile ya kurudi nyuma, na kugeuza shingo.

Bibi Kokushubila alikuwa mkunga, si fundi wa magari, lakini alikuwa amesikia debe zima likimiminwa. Akaifunua shuka, akaikunja, akaiweka mapajani, akamtazama.

Elieza akalia. Alilia akiendesha, mdomo wazi, kamasi zikimtoka, kwa ajili ya yule aliyekunja kidole, na kwa ajili ya wale wawili ambao hakuwalilia kwa kuwa palikuwa na wanaume. Kilima kilikuwa kifupi, naye alipunguza moto mpaka gari likatambaa. Mama mkwe wake hakusema pole, wala hakumwambia ajikaze. Alimtazama tu, mpaka juu.