Vidole Vinne vya Mchanga

Mke wa fundi saa hakuwa mtu wa wivu. Mwenyewe alimwambia hivyo kila mteja aliyemletea nguo ya kushona, hata asiyeuliza. Lakini tangu mumewe afunge kibanda chake cha saa na kuweka sebuleni tangi la kioo, lenye maji ya chumvi na samaki mmoja wa mistari ya njano, maneno hayo yalianza kumkwama kooni.

Samaki yule alikuwa na tabia yake. Taa ikizimwa, huchimba mchanga kwa pua, akajifukia mzima mzima na kulala humo mpaka asubuhi. Mume akamwita Kipenzi. Mke, miaka yote ya ndoa, alikuwa akiitwa "wewe," na siku za furaha, "wewe mama."

Hata hivyo, wivu haukuwa wa samaki. Ulikuwa wa mjane mwenye duka la samaki wa mapambo, pale kona ya pili. Fundi saa alikwenda kwake kuuliza mchanga uwe wa kina gani, akarudi na jibu: vidole vinne, tena mchanga laini usimkwaruze. Kesho yake akaenda tena.

"Ulisahau nini?" mke akamuuliza aliporudi.

"Kuuliza ni vidole vya nani. Vyangu vinene, vyako vyembamba. Nimekwenda kupima vyake."

Akatoa mfukoni kijiti chenye alama ya wino. Mke akakitazama kwa jicho moja.

"Kwa hiyo umemshika mkono."

"Aliuweka mwenyewe juu ya kijiti."

"Na wewe kijiti ulikishika kwa meno?"

Fundi saa akageukia tangi. Alimwaga mchanga tangini polepole, akiusawazisha kama anayemtandikia mgeni. Godoro lao wenyewe lilikuwa limebonyea katikati mpaka wakilala wanakutana hata siku walizonuniana, na hakuna aliyekwenda kuuliza kina chake.

Basi mume alipotoka kwenda kunyolewa, mke akakunja mikono ya gauni, akachukua upawa na kuchota mchanga, kidogo kidogo maji yasichafuke. Akaujaza kwenye ndoo, akaificha nyuma ya cherehani. Alivyopanga yeye, samaki akikosa raha, mume atasema mjane hajui kitu, na safari za dukani zitakwisha.

Jioni taa ikazimwa. Samaki akapiga mbizi, pua ikagonga kioo. Akarudia. Akazunguka kona hadi kona kama mtu aliyefungiwa mlango wa kwake. Mke akageukia ukutani. Ilimuuma kidogo, ila asingekiri hata angeulizwa.

Mume hakusema mjane hajui kitu. Alichukua simu. "Dada, samahani, njoo umwone mgonjwa."

Mke hajamaliza hata kufagia vipande vya uzi, mjane huyo sebuleni, ananukia vizuri, amekalia kiti chake yeye.

"Karibu," mke akasema, kwa sauti ya kufukuza kuku.

Mjane akatumbukiza mkono tangini. "Shemeji, huu hata vidole viwili haufiki."

"Nilipima kwa kijiti chako," fundi saa akajitetea.

"Basi itabidi niwe napita kila jioni, mpaka azoee kulala."

Kila jioni! Mke aliona viatu vya mjane vikizoea mlango wake.

"Mimi ndiye niliyeutoa," akasema. "Uko kwenye ndoo, nyuma ya cherehani. Urudisheni, kila mtu aende kwake."

Fundi saa akamgeukia. "Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu kila kitu unamuuliza yeye. Ungeniuliza na mimi siku moja, hata kwa uongo ningekujibu."

Mjane akafuta mkono taratibu. "Dada yangu, kumbe ndiyo hayo? Nakuomba umshike huyo mumeo. Akija dukani haondoki. Wateja wamesimama, yeye ananieleza jinsi samaki alivyopiga miayo. Siku hizi nikisikia kikohozi chake najificha stoo."

Fundi saa, masikio yamemwiva, akaenda kuchukua ndoo na kuanza kurudisha mchanga bila kumtazama yeyote.

Mke alipaswa kufurahi, maana adui amejitoa mwenyewe. Badala yake moto mwingine ukampanda. Akavuta kigoda cha cherehani, akakaa uso kwa uso na mgeni wake.

"Hebu tuelewane," akasema. "Mume wangu ana kasoro gani?"