Kibuyu Chekundu cha Jilala

Watu husema hasira ya Jilala ilikuwa ikitangulia kufika kazini, naye akiifuata nyuma na kofia yake ya bati. Waongo! Jilala alikuwa mtu wa kucheka. Ila mkaidi, mkaidi kama punda wa Shinyanga anayelazimishwa kuvuka mto.

Miaka ya hamsini ikianza, mgodi mmoja upande wa Geita ulileta mzungu wa kupima tabia za watu. Wachimbaji wakamwita Bwana Pima. Kila mmoja akapewa kibuyu chake: jioni ukitoka shimoni, ukiwa na furaha unatia punje ya mtama mweupe, ukiwa na kinyongo, mwekundu. Tangu pamba inapandwa hadi inavunwa, Jilala alitia nyekundu tupu. Magogo yaliyoshikilia paa la shimo yalikuwa yameoza, na mchwa wake wamenenepa hadi ukipita unawasikia wakicheua.

Siku ya kumwaga vibuyu, Karani Theonest akatafsiri: "Jilala, Bwana anasema hasira yako si ya siku, ni ya damu. Mtu wa namna hiyo hafai shimoni. Urudi kwenu."

Jilala akawaza ng'ombe wa mahari ya mchumba wake Limi, ambao walikuwa bado dhahabu humo ndani ya mwamba. Angeweza kuomba radhi. Hakuomba.

"Mwulize, na gogo amelipima?"

"Anasema wenzako wako chini ya magogo hayohayo, na vibuyu vyao vyeupe pe!"

Jilala akawageukia wenzake. Wote wakatazama vidole vya miguu.

"Semeni basi! Au mlizaliwa na furaha nyote, hata Mihayo anayemtukana mama mkwe wake usingizini?"

Kicheko kikawaponyoka. Mihayo, kaka yake Limi, akasogea mbele akamwaga kibuyu chake chini.

"Nilitia nyeupe kwa woga, shemeji. Karani, nipe nyekundu."

"Na mimi!"

"Na huku!"

Mtama mwekundu ukaisha. Ukafuatwa mwingine hadi Rwamgasa, kuku wa huko wakalala njaa. Na shimoni hakushuka mtu. Mmoja hufukuzwa, mgodi mzima utaufukuzia wapi?

Magogo mapya yakaja. Jioni hiyo Bwana Pima alisimama kando ya kibuyu cha Jilala, pumzi kaibana. Jilala akatia punje nyeupe.

"Anasema umebadilika tabia!" Karani akashangilia.

"Mwambie lililobadilika ni gogo."

Kesho yake uji ulikuja na mchanga. Jilala akatia nyekundu.