Usumbufu Mdogo Tu

Niliambiwa nitetee serikali, na aliyeniambia alikuwa anatabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililoniudhi kwanza.

Tulikuwa watatu tuliochaguliwa na kitivo chetu cha sheria, Vilnius, kwenda Zagreb kwenye shindano la mahakama ya mazoezi, sheria za Umoja wa Ulaya. Kesi ya mwaka ule ilihusu mwanamke wa nchi ya kubuni. Serikali yake ilikataa kuandika jina lake kwa W, kisa alfabeti ya taifa haina herufi hiyo. Skirmantė alipewa kumtetea mwanamke. Domantas angekaa katikati, mshauri wa majaji asiye na upande. Serikali ikaniangukia mimi.

Mimi ni Wirginia Wojtkiewicz. Nyumbani, kanisani na kwa rafiki zangu ndilo jina langu. Kwenye pasipoti ni Virginija Voitkevič, kwa kuwa sisi ni Wapolandi wa Lithuania, na wakati ule W yetu haikuruhusiwa kukanyaga karatasi ya serikali. Kesi ya kubuni gani hiyo? Mimi nilizaliwa nayo.

"Mwalimu, naomba upande wa mwanamke," nilimwambia Daktari Gintautas, mkufunzi wetu, aliyekuwa bado anatabasamu.

"Wapi! Wewe ndiye silaha yetu. Akisimama Mlithuania kusema W si kitu, majaji watamwona mbaguzi. Ukisema wewe, nani atabisha?"

"Lakini unajua yaliyotupata."

Alijua. Nilimsimulia mwenyewe siku ya usaili. Baba yangu, mzaliwa wa Poland, aliugua ghafla akiwa kwao, akalazwa. Nilifika peke yangu. Jina lake lilikuwa na W, langu lina V na mkia mwingine kabisa. Mtu wa zamu akaitazama pasipoti yangu, akasema wanaoingia ni jamaa wa mgonjwa tu. Nikakaa kwenye benchi la korido, nikiwa mtoto wake wa pekee, mpaka mama alipokuja na cheti cha ndoa. Baba alikuwa ameshakata roho.

"Ndiyo maana nimekuchagua," Gintautas akasema. "Uchungu unao. Sasa ufungie kabatini."

Ningemjibu vibaya, ila niliitaka Zagreb. Na baada ya Zagreb niliitaka Luxembourg, maana washindi huenda kusema mbele ya Mahakama yenyewe ya Umoja wa Ulaya. Nikameza.

Kesi nzima ilisimama juu ya maneno mawili. Serikali inaweza kukataa herufi, mradi kukataa huko kusimletee mwenye jina usumbufu mkubwa. Kazi yangu ilikuwa kuonyesha kwamba usumbufu huo ni mdogo. Wiki baada ya wiki Gintautas alinisimamisha mbele ya ubao.

"Sema: usumbufu mdogo."

"Usumbufu mdogo."

"Unameza mate. Tena!"

Skirmantė alikuwa akicheka kwa uchovu. "Wirgi, we mchawi. Mwenzio sasa hivi naiamini serikali."

"Huyu akipewa theluji aitetee, tutavua makoti," Domantas akadakia.

Tulicheka wote, nami nikacheka. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekuwa hodari, na uhodari wenyewe ulinitia hasira kila nilipojisikia nikiongea.

Mazoezi ya mwisho yalifanywa hadharani. Mama alikuja kutoka nyumbani, mji wa Šalčininkai, na keki ya mbegu za mpopi, akakaa safu ya mbele amevaa koti lake zuri. Kiingereza hakijui, lakini alikuwa akinitazama kama anaelewa kila neno. Kiti cha jaji kilikaliwa na Bwana Vaidotas, mwanasheria wa serikali aliyealikwa.

Nilipofika katikati ya hoja zangu alinikatiza. "Mwakilishi wa serikali, tuseme mtu kazuiwa kumwona mzazi wake mahututi kwa sababu majina hayalingani. Huo nao mdogo?"

Nilimtazama Gintautas. Alikuwa ameinama, anaandika.

"Mheshimiwa," nikasema, na sauti yangu ilikuwa nzuri sana, "hilo si kosa la herufi. Cheti kimoja kingetosha. Waliochelewa kukileta wajilaumu wenyewe."

Vaidotas akatabasamu. Watu wakapiga makofi, na mama akapiga kuliko wote.

Baadaye tulisimama mezani, mama akikata keki. Vaidotas akaja kumpa mkono, akaongea naye kwa Kilithuania.

"Mama, hongera! Una binti moto. Nimemtega na swali la mgonjwa, mtoto kazuiwa mlangoni kwa ajili ya jina. Unajua kanijibu nini? Eti wajilaumu waliochelewa kuleta cheti. Hapo sikuwa na la kusema."

Mama akaweka kisu chini. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Nilipanda basi la kwanza, mwanangu," akasema kwa Kipolandi. "Halikuwepo la kabla yake."

Hasira ikanipanda, juu yangu mwenyewe na juu yao, sikujua nianze na ipi. Nilimfuata Gintautas kwenye mashine ya kahawa.

"Mwalimu, nipe upande wa mwanamke. Ukininyima, mimi basi."

"Umewaka nini tena? Tumebakiza siku chache!"

"Umenifundisha kumtukana mama yangu nikapigiwa makofi. Na wewe ulijua. Uliandika tu!"

"Wirginia, usilete mambo ya nyumbani. Unataka kuiangusha timu nzima kwa herufi moja?"

"Kama ni herufi moja tu," nikasema, na nilisema kwa sauti ili hata Vaidotas asikie, "mbona mnaing'ang'ania?"

Watu wakageuka, vikombe mkononi. Gintautas akamgeukia Domantas, akamuuliza kama anaweza kuushika upande wa serikali kabla ya safari, Skirmantė naye akae katikati.